Kompyuta Inamtafuta Sara

Ninyi vijana mnaosomea kupiga picha za eksirei, mmenichosha. Tangu nistaafu na kurudi Mwello kufuga nguruwe, haipiti wiki bila mmoja wenu kufika na shati lake jeupe, akanyage mavi ya nguruwe langoni, kisha aniulize, "Mama Awor, siku hizi kompyuta inasoma picha yenyewe. Sisi tutafanya kazi gani?" Huwa nawapa viazi vitamu na jibu fupi, maana nguruwe hawasubiri mtu amalize falsafa. Leo mvua imenifungia ndani, basi nawaandikia jibu refu. Asiyelipenda, viazi alishakula.

Nilifanya kazi hiyo maisha yangu yote, sehemu kubwa katika hospitali moja ya serikali huko Tororo. Watu waliniita Mama Picha, na wengine jina hilo waliliamini kupita kiasi. Walikuja wamevaa nguo za kanisani, wamejipaka mafuta, wakaniuliza wasimame upande gani ili watoke vizuri. Mzee mmoja wa kijiji cha Kwapa alikuja na mkewe akitaka wapigwe pamoja, wameshikana mikono, atundike sebuleni. Nilipomwambia itatoka mifupa tu, alifikiri kidogo, akasema mifupa ya mkewe ni mizuri pia.

Aliyenifundisha ni Mzee Othieno, mtu mkali mwenye tumbo, aliyenuka dawa za kusafishia filamu hata Jumapili. Zamani hizo filamu ilisafishwa katika chumba cha giza, ikaanikwa kama nguo, kisha ikapelekwa dirishani isomwe kwa mwanga wa jua. Siku yangu ya kwanza dirishani aliniuliza, "Unaangalia nini?"

"Mapafu, mzee."

"Wacha mapafu. Kwanza angalia vitu vyenye viko juu ya mapafu. Mapafu haiendi mahali."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Baada ya siku chache nikaandika kwamba katekista fulani ana uvimbe wa duara pafuni, tena wa duara safi, nikajisifu kwa macho yangu makali. Kilikuwa kizibo cha soda. Alikiweka katika mfuko wa shati kwa sababu chini yake palikuwa na ushindi wa soda ya bure. Othieno alicheka mpaka akatafuta kiti, kisha akanituma mwenyewe nikamwambie katekista kwamba hafi. Nilimkuta ameshaanza kuwagawia wanawe mbuzi. Wanawe hawakunisamehe.

Kumbukeni kizibo hicho, tutakihitaji mbele.

Mashine mpya ilikuja karibu na kustaafu kwangu. Ilikuwa ndogo, unaibeba kama sanduku la fundi seremala, na iliandamana na kompyuta iliyosoma picha kabla hujamaliza kupiga chafya. Wakubwa waliifungulia mahema na viti vyenye vitambaa vyeupe, wakaipigia makofi kama bibi harusi. Hotuba zilikuwa ndefu, na mashine ndiyo pekee iliyozisikiliza bila kusinzia. Kisha tukatumwa Busia, tukapiga hema karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, kutafuta kifua kikuu kwa wachuuzi, madereva wa malori na yeyote anayekohoa.

Kompyuta ile ilitoa alama, kuanzia sifuri mpaka mia. Kadiri alama zinavyopanda, ndivyo inavyoshuku ugonjwa zaidi, na mahali inaposhuku inapapaka rangi nyekundu. Sisi tulilielewa hilo. Kwenye foleni hakuna aliyewaeleza watu, na watu wetu wakisikia alama wanajua jambo moja tu. Siku moja jamaa wa kutoka Masafu alipata themanini. Shemeji yake akapata kumi na mbili. Wa themanini alitoka nje akijipiga kifua, na kifua chenyewe kikijibu kwa kikohozi. Punde shemeji akarudi ndani amekasirika, akaniita daktari kwa lugha ya kwao.

"Musawo, hiyo mashini irudie mimi. Mimi nilisoma mpaka sinia foo. Huyu hata praimari hakumaliza. Kumi na mbili yangu imetoka wapi?"

Nilimwambia arudi nyumbani amshukuru Mungu kwa kufeli. Yule wa themanini tulimpa kikopo cha makohozi, akapimwa, akapata dawa, akapona. Mpaka leo ukimgusia habari hiyo anasema alipasi.

Tulikuwa pia na Denis, kijana wa data kutoka Kampala. Najua mnangojea nimcheke, kwa hiyo niseme mapema kwamba Denis alikuwa na akili na adabu, hata kama Kiswahili chake kilitosha kununulia chapati tu. Yeye alikuwa na programu nyingine kwenye kompyuta. Hiyo haikusoma mapafu. Ilisoma watu: nani atarudi kuchukua majibu na nani atapotea. Ilitazama umri, umbali wa nyumbani, namba ya simu, ikalinganisha na waliopotea zamani. Mtu wa kupotea jina lake liligeuka jekundu. Nilimwambia Denis mama mkwe wangu alifanya kazi hiyohiyo bila umeme. Alicheka, akaniuliza kama mama mkwe anaweza kutunza watu elfu nyingi kwa wakati mmoja. Ilibidi nikubali kwamba alitosheka na mimi tu.

Sasa nije kwa Sara.

Aliingia hemani asubuhi moja ya soko. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye shingo nyembamba na mikono kama vijiti, lakini kuanzia kifuani mpaka kiunoni ni pipa. Shingo ile na tumbo lile havikuwa vya mtu mmoja. Nywele alizisuka rasta ndefu zilizomwagika mabegani mpaka kifuani. Alikohoa kikohozi kile cha chini ambacho mkifanya kazi hii mtakijua kabla hamjageuza kichwa. Alisema anaitwa Sara, anakaa Masafu, akatupa namba ya simu. Nilipomwomba avue avae gauni letu alikataa.

"Picha ni ya kifua ama ya nguo? Piga tu, Musawo. Nina haraka."

Nikapiga hivyohivyo, kuliko kumkosa kabisa. Kompyuta ikampa zaidi ya tisini, ikapaka wekundu juu ya mapafu yote mawili. Denis akashika kichwa. Mimi nikamkumbuka katekista.

Andikeni hili viganjani mwenu. Nywele za kusuka zikilala begani, kivuli chake huangukia juu kabisa ya mapafu, na hapo ndipo kifua kikuu hupenda kukaa. Kabla ya kupiga, zifungeni utosini. Denis aliniambia kompyuta ile ilisomeshwa kwa maelfu ya picha za watu wa kwingine, na pengine haijawahi kukutana na msusi wa Busia. Isitoshe, kwenye picha palikuwa na mistari mingine kifua kizima, kama shamba lililolimwa, ambayo wala mimi wala kompyuta hatukuijua. Kwa hiyo kile chekundu kingeweza kuwa nywele tupu. Kingeweza pia kuwa ugonjwa umejificha nyuma ya nywele. Kikohozi kile hakikuwa cha nywele.

"Mama," nikamwambia, "funga nywele juu, toa hizi nguo zote, turudie mara moja tu."

Uso wake ulibadilika. Alichukua kikapu chake. "Nakuja. Mtoto nimeachia jirani, naenda kumuangalia." Akatoka, na jina la Sara likawa jekundu kwenye kompyuta ya Denis: hatarudi. Programu ilihitaji mtandao kulijua hilo. Mimi nilishaona visigino.

Tukapiga simu. Alipokea mwanamume wa Majanji anayeuza samaki, hamjui Sara yeyote, lakini je, tungependa sangara? Tukaenda Masafu. Masafu ina akina Sara wengi, wote wazima, na mmoja wao alitulisha chakula cha mchana kwa kutuonea huruma. Wetu hakuwepo.

Niliogopa, wanangu. Nimezoea kufanya mzaha na kila kitu, hata na mazishi, lakini siku hizo mzaha ulinikataa. Kama ni ugonjwa, mwanamke yule alikuwa anakwisha polepole, na alisema ana mtoto. Mtoto analala kifuani pa mama yake.

Aliyefungua njia ni Denis. Alinifungulia ramani yake ya watu wote tuliowapiga picha pale Busia, akasema kwa Kiswahili chake cha chapati, "Maama, ona. Wanaume, mingi. Wazee, iko. Watoto ya shule, iko. Wanawake ya kufanya biashara, hapana. Hapa border wanawake walienda wapi?"

Nikachungulia nje ya hema. Wanawake walikuwa wanapita kila upande kama siafu, na mizigo yao. Lakini wote, wakifika karibu nasi, walikata kona, wakazunguka nyuma ya vibanda, wakatokea mbele. Nilikuwa nimekaa pale wiki nzima na macho yangu makali na sikuliona. Kijana aliliona kwenye ramani yenye shimo.

Mbele ya hema alikaa Mama Taaka, Msamia muuza uji, mwanamke anayejua habari za mtu kabla mwenyewe hajazijua. Nilinunua uji nikamuuliza mbona wanawake wanatukwepa. Aliweka kata chini ili acheke vizuri.

"Banange, Musawo! Mulileta mashini ya kuona ndani ya mtu. Munaiweka hapa border, karibu na ile kubwa ya kastamu yenye inaona ndani ya lori. Halafu munauliza? Watu wanajua hii ni ya kastamu, ile ndogo, ya kuangalia ndani ya wamama."

"Wamama wana nini ndani?"

Aliniangalia kama anayeangalia mtoto mchanga. Upande wa Kenya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na upande wetu ipo tele. Basi wanawake wa mpakani hujifunga mifuko hiyo mwilini, pakiti juu ya pakiti, kuanzia kifuani mpaka kiunoni, wanavaa gauni pana juu yake, wanavuka kwa njia za panya. Pale pale nikaelewa lile pipa, na ile mistari ya shamba lililolimwa.

"Na wewe unaambia mama atoe nguo," akaendelea Mama Taaka. "Si hiyo ndiyo kushikwa yenyewe?"

"Na yule wa kukohoa? Sara?"

"Sara gani? Hiyo ni Nabwire. Anakaa hapa mtaa wa Sofia tu. Lakini musiende kwake na hiyo gari ya serikali. Akiiona atavuka na mtoto saa hiyohiyo, ana dada ng'ambo. Hamutamuona tena."

Basi ilibidi aje mwenyewe. Na ili aje, ilibidi wanawake wote wa njia za panya waamini kwamba mashine yetu haina haja na mizigo yao. Hotuba haingefaa, hotuba walishazikwepa maisha yao yote. Nilimwangalia Mama Taaka. Mama Taaka aliangalia tumbo langu, lilivyo pana.

"Wewe nikikufunga," alisema, "utakaa kama pipa ya diseli."

Alikuwa na mzigo chini ya benchi, bila shaka. Alinipeleka nyuma ya kibanda akanifunga mifuko ya plastiki mbele na nyuma, akaikaza kwa vipande vya leso mpaka nikapumua kwa pua moja. Akawaita wenzake waje kumtazama mfanyakazi wa serikali akikamatwa. Hilo likawaleta. Walijaa mlangoni, nikawapanga mbali, nyuma ya mstari wa usalama, mahali ambapo wangeona kioo cha kompyuta bila kupata mionzi. Nikasimama mbele ya mashine plastiki ikichakacha kwa kila hatua. Nilimwelekeza Denis kitufe cha kubonyeza. Kama wakubwa wangu wa zamani wanasoma hapa, wafumbe macho, aya moja tu.

Kompyuta ilinipa sitini. Ilipaka wekundu mahali ambapo pakiti zilipandana, ikanipa kifua kikuu cha plastiki. Wanawake walipoelezwa walicheka mpaka hema likatikisika. Halafu wakageuka kuangalia njia. Walikuwa wanangoja polisi. Nami nikangoja nao, jasho likinitiririka ndani ya zile pakiti. Afisa mmoja wa forodha alipita nje na chapati mkononi. Alichungulia, akaona wanawake na mashine ya kikohozi, akaziba mdomo kwa leso akaongeza mwendo.

Nikaingia nyuma ya pazia, nikafunguliwa, nikavaa gauni, nikafunga nywele, tukarudia. Alama nne.

"Nimefeli," nikawaambia. "Hii mashine inatafuta ugonjwa, basi. Mzigo wako unauacha nyuma ya pazia na Mama Taaka, unapiga picha, unafungwa tena, unaenda zako. Mimi sijaona kitu."

Nyuma ya pazia lile pakawa pamejaa kuliko duka. Nilikaza macho yasione, na kwa mtu aliyelipwa maisha yote ili aone, hiyo ilikuwa kazi ngumu. Wanawake walipita mmoja baada ya mwingine, na shimo kwenye ramani ya Denis likaanza kuziba. Nabwire hakuwemo. Kila mwenye shingo nyembamba alipoingia niliinuka, na kila alipokuwa mwingine nilikasirika bure.

Alikuja wenzake walipokwisha wote. Hakuwa na pipa, na nilipouona mwili wake halisi nilitaka kulia, kwa sababu haukuwepo. Alikuwa na mtoto mgongoni. Kichwani rasta zote zilikuwa zimefumuliwa na nywele zimekatwa fupi kama za msichana wa shule.

"Musawo, Mama Taaka aliniambia ile nyekundu inaweza kuwa nywele. Nywele nimetoa. Sasa ikisema kitu, iseme mimi."

Nilimsimamisha, nikamvuta mabega mbele, nikamwambia avute pumzi aishike. Alishindwa kuishika. Tukapumzika, tukajaribu tena. Denis na mimi tuliinamia kioo, na nawaambia ukweli, nilikuwa naiombea kompyuta ile ikosee. Nilitaka sana iwe nywele. Wekundu ukaja pale pale, juu ya mapafu yote mawili, safari hii bila kivuli cha kitu chochote. Makohozi yakathibitisha. Kompyuta ilikuwa imesema kweli siku ya kwanza, ila siku ile hakuna ambaye angeweza kujua.

Alianza dawa kwa jina lake, Nabwire. Mtoto alipimwa, akakutwa hajaugua, akapewa dawa ya kumkinga. Miezi sita ile ya dawa Nabwire hakukosa kliniki hata mara moja. Alizoea kuamka mapema na kupita njia ambazo wengine hawazijui, na kliniki ilikuwa upande mmoja tu wa mpaka, kwake hiyo ilikuwa mapumziko.

Kwa hiyo jibu lenu ni hili. Kompyuta itasoma picha, iacheni isome, inasoma vizuri na haiombi likizo. Ninyi mtakuwa na kazi ya kumfanya mtu avue. Si kazi ndogo. Fungeni nywele juu, toeni vizibo mifukoni, msicheke alama za mtu mbele ya shemeji yake, na mtu akija na pipa msimuulize lina nini. Mkutane na akina Denis, mkae nao, muwape uji. Watawaonyesha mahali ambapo hamjaangalia.

Limebaki jambo la Sara. Nabwire alipona, lakini Sara wa Masafu yumo bado katika kompyuta, amepigwa picha, ana alama zaidi ya tisini, hajarudi. Denis alijaribu kumfuta. Mfumo ukadai Sara mwenyewe athibitishe kwa simu, na simu ni ya muuza samaki. Denis akahamishwa, wakubwa wakasahau, na mimi niliandikishwa kuwa mfuatiliaji wake. Basi kila Jumatatu, hata niwe katikati ya nguruwe, simu yangu inalia: Sara, hatujakuona, tafadhali rudi kliniki. Muuza samaki naye hupata. Wakati fulani alinipigia kuuliza Sara anaendeleaje.

Wiki iliyopita Nabwire alikuja Mwello kunitembelea. Amenenepa, na safari hii ni unene wake. Nywele amesuka tena, ndefu kuliko zile. Mizigo bado anavusha, sikumuuliza, ila siku hizi kwenye njia za panya huvusha pia watu wanaokohoa, anawatoa ng'ambo kwa dada yake anawaleta hemani, na anawaambia njiani wafunge nywele juu. Tulikuwa tunamenya viazi simu ilipolia. Nikamsomea.

"Nitampigia Denis," nikamwambia. "Safari hii amuue huyu Sara, nipumzike."

Nabwire aliacha kumenya. "Aa, mama, wacha. Tangu nizaliwe, serikali ikinitafuta ni ya kunishika. Hii ndiyo ya kwanza inanitafuta ati nipone. Wacha itafute."

Nikairudisha simu mfukoni.